Édouard Empain: aliwapa Kairo treni ya umeme, Maniema treni ya kuni

Kutoka Kisangani hadi Ubundu kuna reli ya kilometa 125. Kutoka Kindu hadi Kongolo kuna nyingine ya kilometa 355. Na kutoka Kabalo hadi Kalemie, pale ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kuna ya tatu, kilometa 273. Vizazi kwa vizazi vya wakaaji wa Tshopo, Maniema na Tanganyika vimeishi kandokando ya reli hizo, vimesafirisha juu yake samaki, mchele na mawese, na vimekaa vituoni siku nyingi kungoja treni iliyochelewa. Wazee wengi wanaijua kampuni iliyozijenga kwa herufi tatu tu: CFL. Ukiwauliza ni nani alikuwa nyuma ya herufi hizo, jibu ni fupi: Wabelgiji.

Mbelgiji huyo alikuwa na jina. Aliitwa Édouard Empain. Reli yake ya kwanza ya Kongo ilipofunguliwa mwaka 1906, yeye alikuwa tayari anajulikana Ulaya na Misri kwa jambo lingine kabisa, yaani treni za umeme. Treni za chini ya ardhi za Paris zilikuwa za kampuni yake. Tramu za Kairo vilevile. Na wakati huohuo alikuwa anajenga mji mpya katika jangwa la Misri, mji ambao usingezaliwa bila reli ya umeme. Mtu mmoja, miaka ileile, aliwapa watu wa Kairo treni ya umeme na watu wa Ubundu treni ya kuni. Lakini kote alikopita aliomba malipo ya namna moja: ardhi.

Mtoto wa mwalimu

Empain alizaliwa tarehe 20 Septemba 1852 katika kijiji cha Belœil, jimbo la Hainaut, kusini magharibi mwa Ubelgiji. Belœil inajulikana kwa jumba kubwa la wana wa mfalme wa ukoo wa Ligne, lakini yeye hakutoka katika jumba hilo. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Nyumbani hapakuwa na njaa, wala hapakuwa na mali.

Kijana huyo alipata kazi ya kuchora mitambo katika kampuni moja kubwa ya chuma na makaa ya mawe. Kwa kazi hiyo alijifunza namna mashine zinavyotengenezwa, na pia namna zinavyouzwa na bei yake. Alipanda ngazi upesi. Na akaona jambo ambalo wakubwa wake waliliona kila siku bila kulijali. Ubelgiji wa miaka ya 1870, ukilinganisha na udogo wake, ulikuwa na reli nyingi kuliko inchi karibu zote za dunia, lakini reli hizo ziliunganisha mji mkubwa na mji mkubwa. Vijiji vya katikati, vitongoji vya wachimba makaa, njia za wafanyakazi kwenda kiwandani, vyote vilibaki pembeni. Mfanyakazi aliamka saa kumi za usiku na kwenda kwa miguu.

Empain alitaka kujaza nafasi hiyo. Si kwa reli kubwa ya gharama nyingi, bali kwa reli nyembamba iliyolazwa kando ya barabara, na treni ndogo inayosimama mara nyingi. Moja ya njia zake za mwanzo ilifuata bonde la mto Meuse, kati ya Liège na Jemeppe. Bonde hilo lilijaa migodi, tanuru za chuma na nyumba za wafanyakazi, na ng'ambo ya mto, pale Seraing, kulikuwa na viwanda vikubwa vya Cockerill. Abiria hawakukosekana.

Mwaka 1881 alianzisha benki yake mwenyewe. Hapo ndipo ilipokuwa siri ya kazi yake. Kwa kila njia ya reli aliunda kampuni yake ndogo. Benki iliuza hisa za kampuni hiyo kwa watu wenye akiba. Fedha zilizopatikana zilinunua reli, magari na mashine, na mara nyingi aliyeuza vitu hivyo alikuwa kampuni nyingine ya Empain. Mkono wa kuume ulinunua kwa mkono wa kushoto, na kila fedha zilipopita, kidogo kilibaki mfukoni.

Moto unabaki nyumbani

Treni hizo za mwanzo zilikuwa za mvuke, na mvuke haukufaa kazi hiyo. Treni ya mvuke inabeba moto wake, maji yake na makaa yake. Inachelewa kuondoka, na ikisimama kila baada ya mita mia chache inakula makaa mengi kwa mwendo mdogo. Katikati ya nyumba za watu inatoa moshi na cheche.

Umeme ulibadilisha hesabu. Moto unabaki mahali pamoja, katika mtambo mkubwa. Waya unapita juu ya reli, fimbo iliyo juu ya gari inaugusa waya, umeme unaingia katika mota zilizo chini ya gari, kisha unarudi kwenye mtambo kwa njia ya reli zenyewe. Gari linakuwa jepesi, linaondoka upesi, linapanda mlima. Mwaka 1888 Mmarekani Frank Sprague alionyesha katika mji wa Richmond kwamba mtandao mzima wa mji wenye vilima unaweza kwenda hivyo. Baada ya hapo wajenzi wa reli wa Ulaya na Marekani waliukimbilia umeme, na miaka iliyofuata treni za umeme zikaanza kuunganisha si mitaa tu bali mji na mji, kijiji na kijiji.

Empain alikuwa kati ya waliokimbia mbele. Tena alielewa mapema kwamba mtambo unaolisha treni unaweza pia kuuza taa kwa nyumba zilizo njiani. Mchana mteja ni abiria, usiku mteja ni mwenye nyumba, na mtambo haulali. Mwaka 1904 alichukua karakana za umeme za Charleroi na kuzifanya kampuni iliyojulikana kwa herufi ACEC. Kuanzia hapo hata mota alizonunua zilitoka kwake.

Kairo ilipata tramu zake za kwanza za umeme mwaka 1896, nazo zilikuwa za Empain. Mji uliozoea punda na mikokoteni ulijikuta na magari yanayokwenda bila mnyama wala moshi, miaka minne kabla ya Paris kupata treni yake ya chini ya ardhi.

Ya Paris ndiyo iliyompa sifa kubwa. Mwaka 1898 kampuni yake ilipewa kazi hiyo kwa mapatano ya wazi: mji ungechimba mahandaki kwa fedha zake, chini ya mhandisi Fulgence Bienvenüe, na kampuni ingeweka reli, magari, vituo vya umeme, na kuendesha. Njia ya kwanza, kutoka Porte de Vincennes hadi Porte Maillot, ilifunguliwa tarehe 19 Julai 1900, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia. Tiketi ya daraja la pili iligharimu santimu 15. Ilikuwa bei ya mtu wa kazi, na watu wa kazi waliingia kwa wingi kuliko kampuni ilivyotazamia.

Magari hayo yalikuwa ya mbao. Jioni ya tarehe 10 Agosti 1903, gari la mbele la treni moja lilishika moto kwa sababu ya hitilafu ya umeme. Treni iliondolewa abiria na kusukumwa mbele ili itolewe njiani, lakini moto ukawaka tena ndani ya handaki. Treni iliyofuata nyuma ilikuwa imejaa watu, nayo ikasimama katika kituo cha Couronnes. Wafanyakazi waliwaambia abiria watoke. Wengi walikataa kuondoka kabla ya kurudishiwa nauli yao. Kisha moshi ukaingia, na taa zikazimika, kwa kuwa taa za kituo zilitumia umeme uleule wa treni. Watu 84 walikufa, wengi wakiwa wamesongamana upande wa kituo usiokuwa na mlango. Baada ya hapo taa zilitenganishwa na umeme wa reli, milango ya dharura ikaongezwa, na magari yakaanza kutengenezwa kwa chuma. Wanaomsifu Empain huruka ukurasa huu. Abiria wa leo wa Paris anafaidi mabadiliko yaliyotokana na usiku ule.

Mji wa jangwani

Mwezi Januari 1904 Empain alifika Misri. Alikuja kwa ajili ya mradi wa reli kaskazini mwa inchi, na mradi huo Waingereza waliokuwa wakitawala Misri waliuchukua. Mwingine angerudi nyumbani. Yeye alitazama jangwa tupu lililo kaskazini mashariki mwa Kairo, kilometa kama 10 kutoka katikati ya mji, akaona kwamba mahali pasipo na thamani panaweza kupata thamani kwa siku moja: siku treni itakapofika.

Mwaka 1905 yeye na mshirika wake Boghos Nubar, mwana wa waziri mkuu wa zamani wa Misri, walinunua kutoka serikalini kama hekta 2,500 za mchanga huo. Bei ilikuwa pauni moja kwa fedani, na fedani ni chini kidogo ya nusu hekta. Kwa mji uliokuwa ukipanuka kama Kairo, bei hiyo ilikuwa kama zawadi. Pamoja na ardhi walipata ruhusa ya kujenga reli ya umeme hadi mjini. Kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906 ilibeba mambo yote mawili katika jina lake: reli za umeme za Kairo na oasisi za Héliopolis. Reli ikatajwa kwanza, lakini faida ilikuwa katika neno la pili.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mchanga ulionunuliwa kwa pauni moja ungeuzwa kwa bei ya kiwanja cha mji. Ili mtu akubali kukaa jangwani, ilibidi afike kazini Kairo kwa dakika chache na kwa nauli ndogo. Kwa hiyo treni haikuhitaji kuleta faida kubwa yenyewe. Ilikuwa mtego mzuri, na nyumba ndizo zilikuwa samaki. Wajenzi wengine wa reli za umeme walifanya vivyo hivyo wakati uleule, kwa mfano Henry Huntington aliyetandaza reli zake kuzunguka Los Angeles na kuuza viwanja kandokando yake.

Mwaka 1907 mambo yaliharibika. Benki za Misri zilitikisika, bei za ardhi zikaanguka, na waliokuwa wamemwita Empain mwerevu wakaanza kumwita mpumbavu. Oasisi mbili zilizopangwa zikapunguzwa kuwa moja. Lakini hakusimamisha kazi. Maji yaliletwa, mitaro ya maji machafu ikachimbwa, barabara pana zikapandwa miti. Zilijengwa nyumba za vyumba vichache kwa wafanyakazi na majumba kwa matajiri, zote na matao ya mtindo wa Kiarabu uliochanganywa na wa Ulaya. Reli ya umeme ilikuwa na njia yake yenyewe, bila kuchanganyika na mikokoteni, na kwa hiyo ilikwenda mbio kuliko tramu za mjini. Watu wa Kairo waliiita metro, jina walilolitumia miaka mingi kabla ya metro ya chini ya ardhi kufunguliwa mwaka 1987.

Mwaka 1910 ilifunguliwa hoteli yenye vyumba karibu 400, kazi ya Mbelgiji Ernest Jaspar. Leo hoteli hiyo ni ikulu ya rais wa Misri. Kwa ajili yake mwenyewe Empain alimwagiza Mfaransa Alexandre Marcel amjengee jumba linalofanana na mahekalu ya Wahindu na ya Angkor, lote kwa saruji, na tembo na miungu ya mawe ukutani. Watu walisema mnara wake ulizunguka kufuata jua. Yalisemwa mengi juu ya jumba hilo, mpaka ya mashetani. Marcel huyohuyo alijenga kanisa kubwa la Bikira Maria katikati ya Héliopolis, kwa mfano wa Hagia Sophia ya Istanbul lakini dogo zaidi. Kanisa hilo litarudi mwishoni mwa habari hii.

Hekta milioni nne

Sasa tuje kwetu. Tarehe 4 Januari 1902, miaka mitatu kabla ya mkataba wa jangwa la Kairo, Empain alikuwa amefunga mkataba mwingine na mfalme Leopold II. Kongo wakati ule haikuwa hata koloni la Ubelgiji. Ilikuwa mali ya mfalme huyo mwenyewe. Kampuni iliyozaliwa siku hiyo ni ile ya reli za Kongo ya juu kwenda Maziwa Makuu ya Afrika, yaani CFL.

Masharti yake yafaa kusomwa polepole. Serikali ya Leopold ilihakikisha kwamba wenye hisa wangepata riba ya asilimia 4 hata kama treni haileti kitu. Faida ikipatikana, ingegawanywa kati ya serikali na kampuni. Na juu ya hayo kampuni ilipewa haki ya hekta milioni nne za ardhi na misitu, pamoja na madini yaliyo chini. Hekta milioni nne ni kilometa za mraba 40,000. Ubelgiji wenyewe haufiki 31,000. Ni mara 1,600 ya jangwa alilonunua Misri, na kule angalau alitoa pauni.

Wenye mashamba, makaburi na mitego ndani ya hekta hizo hawakuulizwa. Kwa sheria ya Bula Matari, ardhi isiyokuwa na nyumba au shamba linalolimwa siku hiyo ilihesabiwa kuwa haina mwenyewe. Msitu wa kuwinda, shamba lililopumzishwa, mto wa kuvua samaki, vyote vilikuwa vya serikali, na serikali ilimpa Empain.

Mpango wa kwanza ulikuwa reli moja ndefu kutoka Kisangani, wakati ule Stanleyville, kupita msitu wa Ituri hadi Mahagi kwenye Ziwa Albert. Wahandisi walitumwa kupima njia. Msitu na gharama vikawashinda. Ikaamuliwa kuufuata mto Lualaba: pale mto unapopitika, meli, pale penye maporomoko, reli. Ndiyo maana hadi leo safari ya kutoka Kisangani kwenda Kalemie ni ya kupanda na kushuka. Unaanza kwa treni hadi Ubundu ili kuyapita maporomoko ya Boyoma, unaingia majini hadi Kindu, na pale unarudi kwenye reli kwa sababu ya mawe na maji makali yaliyo kabla ya Kongolo. Wakaaji wa Ituri walioahidiwa reli kwenye karatasi mwaka 1902 hawakuiona.

Reli ya Ubundu, iliyoitwa Ponthierville, ilifunguliwa tarehe 1 Septemba 1906. Ya Kindu hadi Kongolo ilikamilika karibu na mwisho wa 1910. Kilometa hizo zilijengwa kwa jembe, shoka na mabega. Mwaka 1906 amri ya Leopold iliruhusu watu kuandikishwa kwa kazi kubwa za serikali kama askari wanavyoandikishwa, kwa miaka kadhaa. Chifu aliambiwa idadi, naye alitoa vijana. Waliokata miti na kubeba vyuma katika msitu wa Ubundu hawakuwa wamejitolea kama wafanyakazi wa Liège waliopanga mstari kwenye mlango wa kiwanda. Majina yao hayakuandikwa kwenye kituo chochote.

Na treni ilipoanza kwenda, iliwaka kuni. Hapo Kisangani, mita chache kutoka maji yenye nguvu ya kulisha mitambo ya umeme, kampuni ya mtu aliyeitia umeme Paris iliendesha treni kwa magogo yaliyokatwa na watu wa vijiji. Sababu haikuwa ujinga. Umeme unahitaji fedha nyingi mwanzoni, na fedha hizo hurudi pale penye abiria wengi kila dakika. CFL haikujengwa kwa abiria. Ilijengwa kubeba pembe za tembo na mpira, baadaye madini, na kuni zilikuwa karibu bure kwa sababu aliyezikata alilipwa karibu bure.

Hata hivyo reli iliondoa mzigo mmoja ambao wazee wa wakati ule waliuchukia kuliko yote: upagazi. Penye reli, mzigo uliobebwa kichwani kwa majuma sasa ulipita kwa siku moja au mbili. Pia ilibadilisha ramani. Nyangwe na Kasongo, miji mikubwa ya wafanyabiashara Waswahili tangu siku za Tippu Tip, ilibaki kando. Kindu, Kongolo, Kabalo, miji ya kituo na bandari, ikakua. Mtu aliyetaka kazi ya ufundi, ya kalani au ya kuendesha mashine alikwenda huko, na Kiswahili kikaenda naye.

Reli ya tatu, kutoka Kabalo, ilifika Ziwa Tanganyika mwezi Machi 1915, vita kuu ikiwa imewaka na Wajerumani wakitawala maji ya ziwa. Mara moja ikawa reli ya vita. Mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizoletwa kutoka Afrika ya Kusini, zilibebwa juu yake miezi michache baadaye. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Kalemie ya leo, iliyoitwa Albertville, ilianza kukua katika siku hizo.

Empain mwenyewe alikuwa Ulaya. Leopold alikuwa amemfanya baroni mwaka 1907. Wakati wa vita alipewa cheo cha jenerali na akashughulikia silaha na vifaa vya jeshi la Ubelgiji akiwa Ufaransa. Alikuwa mtu asiyependa kupigwa picha wala kusema mbele ya watu. Wanawe wawili, Jean na Louis, walizaliwa kabla ya ndoa, na mama yao, Jeanne Becker, alimwoa mwaka 1921 tu, akiwa na miaka karibu 70.

Kaburi na kilichobaki

Miaka yake ya mwisho faida ya Kongo ilitoka chini ya ardhi zaidi kuliko juu ya reli. Mwaka 1923, kwa haki za madini za CFL, ilianzishwa kampuni ya Minière des Grands Lacs, MGL, iliyochimba dhahabu ya Kamituga na kwingineko Kivu. Mwaka 1928 CFL ilishiriki kuanzisha Comité National du Kivu, ofisi iliyogawa ardhi ya Kivu kwa walowezi. Mashamba mengi makubwa ya kahawa na ya ng'ombe ya Wazungu yalipata karatasi zao humo. Yeyote anayefuatilia leo kesi ya ardhi ya zamani Masisi au Kalehe anaweza kujikuta, mwishoni mwa makaratasi, mbele ya komite hiyo, na nyuma yake mkataba wa 1902.

Édouard Empain alikufa tarehe 22 Julai 1929 pale Woluwe, karibu na Bruxelles, akiwa na miaka 76. Mwili wake ulipelekwa Misri kama alivyotaka, ukazikwa chini ya kanisa la Héliopolis. Alichagua kulala katika mji alioujenga kwa treni ya umeme.

Kampuni zake zilimfuata duniani kwa muda mrefu. Mjukuu wake, Édouard-Jean, alitekwa nyara Paris tarehe 23 Januari 1978, akakatwa kidole na kushikwa siku 63. Jina la Empain lilikuwa bado na maana ya fedha. Migodi ya MGL na mingine ya Maniema na Kivu iliunganishwa mwaka 1976 kuwa SOMINKI. CFL yenyewe iliingizwa mwaka 1974 katika shirika la taifa la reli la Zaïre, ambalo sasa ni SNCC.

Umeme nao ulifika kwenye reli za Kongo, lakini Katanga, si Maniema. Mwaka 1952 kampuni ya BCK ilianza kuendesha treni za umeme kati ya Likasi na Tenke, katika inchi ya shaba ambamo mabwawa ya umeme yalikuwa yamejengwa kwa ajili ya migodi. Mashine zake za umeme zilitoka Charleroi, katika karakana za ACEC.

Huko Héliopolis jumba la baroni lilitengenezwa upya na kufunguliwa kwa watalii mwaka 2020. Reli za metro yake ya zamani zilikuwa zimekwisha kung'olewa ili barabara za magari zipanuliwe, na waliokua wakiipanda walilalamika sana. Reli za Kongo hazikung'olewa. Mwaka 1955 zile za Kindu na Kalemie zilipanuliwa ili zilingane na za Katanga, na mwaka uliofuata Kabalo ikaunganishwa na Kamina, hivyo treni ya Lubumbashi ikaweza kufika Kindu. Ya Kisangani hadi Ubundu haikuguswa. Ina upana wa mita moja kama ilivyolazwa mwaka 1906, na gari la kutoka Kindu, hata likivushwa mtoni, haliwezi kutembea juu yake.